Sura ya Nne: Jumatatu Jioni Manika

Katika miji yote ya Katanga ya zamani, ni nadra kuupata mji uliolelewa na kampuni kama Kolwezi ulivyolelewa. Mji huu, ulioasisiwa na Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1937 kwa ajili ya shaba iliyolala chini ya udongo wake mwekundu, ulikuwa kwa muda wa miaka mingi mahali ambapo mfanyakazi hakuwa na haja ya kujiuliza mwanawe atazaliwa wapi, atasomeshwa na nani, wala akiugua atapelekwa kwa tabibu gani, maana kampuni ilikuwa na jibu la kila swali: nyumba ya kambini, mgao wa unga, shule, zahanati, hata mwalimu wa kumfundisha mke wake kushona. Serikali ilipoitaifisha kampuni hiyo mwanzoni mwa 1967, na baadaye ikaja kuitwa Gécamines, desturi haikubadilika, na watu wakawa wakisema kwa shukrani kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Lakini baba huyo aliishiwa nguvu katika miaka ya 1990, na ilipofika 2003 na 2004, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 walipoagwa kwa malipo ya mara moja tu, chini ya mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, nyumba nyingi za Kolwezi zilitambua kwamba kwa vizazi viwili zilikuwa zimemwachia mwajiri dhima ambayo Mwenyezi Mungu aliiweka mikononi mwa wazazi.

Waliokuja baada yake hawakuja kulea. Kampuni za kigeni zilikuja kuchimba shaba pamoja na kobalti, ambayo leo inatafutwa dunia nzima kwa ajili ya betri; wachimbaji wadogo wakamiminika kwa maelfu na sururu zao na magunia; na mtaa wa Kasulo, tangu kobalti ilipogunduliwa chini ya makazi ya watu mwaka 2014, ukashuhudia wenye nyumba wakitoboa sakafu za vyumba walivyolala. Fedha ilionekana ikapotea. Mwezi Juni 2019 wachimbaji 43 walifukiwa na udongo siku moja katika machimbo ya KOV, na matanga yao yakaenea mitaa mingi kwa wakati mmoja. Katika mji wa namna hii, mtu anayeuliza ni nani anayeilea nyumba haulizi jambo la falsafa.

Swali hilo ndilo lililonipeleka katika komuni ya Manika, moja ya komuni mbili zinazoufanya mji wa Kolwezi, nyingine ikiwa Dilala, kwenye nyumba ya mume na mke vijana ambao ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, watu ambao majirani huwaita Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni wanachokisoma pamoja na Biblia. Mume ni fundi wa umeme katika kampuni ndogo ya kandarasi inayowahudumia wachimbaji wakubwa. Mke ni mshonaji, na cherehani yake imekaa barazani ili wateja waione wakipita. Wana watoto watatu, na mkubwa wao, binti aliyetimiza miaka saba, yu katika mwaka wa kujitayarisha, kwa kuwa kwao mtoto habatizwi ila akifika miaka minane, umri ambao huhesabiwa kuwa ameanza kutambua jema na baya kwa akili yake mwenyewe. Mimi si muumini wa kanisa lao, nao walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Walinipa kiti na maji ya kunywa, wakaendelea na shughuli zao.

Jumatatu jioni ndiyo nguzo ya wiki katika nyumba hiyo. Agizo la kukutana nyumbani, wazazi na watoto, lilitolewa na viongozi wakuu wa kanisa hilo mwaka 1915, na baadaye Jumatatu ikatengwa kwa ajili yake popote walipo waumini, hata makanisa hayafanyi mikutano usiku huo. Lakini agizo lililoandikwa Utah, Marekani, yaliko makao makuu ya kanisa hilo, ni jambo moja, na kulitimiza Manika, ambako umeme hukatika bila taarifa na mume huweza kupangiwa zamu ya usiku, ni jambo jingine. Zamu ikimwangukia Jumatatu, mkutano huhamia Jumanne. Mke ndiye aliyeamua hivyo, akisema kwamba siku iliwekwa kuwatumikia watu, na sijasikia askofu wao akimpinga.

Nilipokuwapo, bukari, yaani ugali, kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu ilikuwa imekwisha kuliwa, jiko la mbabula lilikuwa limepelekwa uani ili moshi wa makaa usiwadhuru watoto, na taa ya nguvu ya jua ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya mlango. Binti alisimama akasema, "Papa, leo wimbo ni wangu," akauchagua, wakauimba wote, mtoto wa mwisho akipiga makofi mahali pasipostahili. Kisha mama akasoma mafungu machache ya Injili juu ya kusamehe, akayaeleza kwa Kiswahili cha Katanga, akichanganya Kifaransa kidogo kama ilivyo ada ya mji, ndipo binti akauliza swali ambalo bila shaka lilikuwa limemkaa moyoni tangu mchana: je, yule mama aliyechukua magauni mawili asilipe, naye asamehewe?

"Deni nitalidai, mama," akajibu mama yake, akimwita binti kwa jina hilo la heshima ambalo Wakongo huwapa watoto wao wa kike, "chuki ndiyo sitaiweka."

Baba akacheka, akasema kwamba yeye angeanza na deni. Wakasali, wakapiga magoti juu ya mkeka, na sala ikaongozwa na mtoto wa pili, mvulana wa miaka mitano, ambaye aliwaombea nyanya yake, mbuzi wa jirani na betri ya taa. Baada ya hapo yalitolewa maandazi, na mimi nilidhani mkutano umekwisha. Lakini watoto walipokwenda kulala, mume na mke walifungua daftari la jalada la buluu, wakaanza kuhesabu wiki.

Daftari hilo nililitazama kwa makini, kwa idhini yao. Mstari wa kwanza wa kila mwezi ni zaka, sehemu moja ya kumi ya mapato yote, ya mume na ya mke, imeandikwa kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya unga, kabla ya ada ya shule. Mstari wa pili ni matoleo ya mfungo, maana Jumapili ya kwanza ya mwezi hufunga milo miwili, na thamani ya chakula wasichokula, au zaidi yake, hupelekwa kwa askofu ili wasaidiwe wenye dhiki. Yanayofuata ni mambo yanayojulikana na kila nyumba ya Kolwezi: makaa, maji, nauli ya pikipiki, dawa ya malaria, mchango wa matanga. Nimekuwa na shaka siku nyingi juu ya dini zinazoomba fedha kwa maskini, na shaka hiyo sijaiacha yote, kwa sababu katika mwezi ambao kampuni ya mume ilichelewesha mshahara niliona mstari wa zaka umejazwa na mstari wa dawa uko wazi. Nilimwuliza mke kama hilo halimtii hofu. Akanijibu kwamba mwezi ule ule yeye ndiye aliyepelekewa unga na mafuta kutoka ghala la askofu, na kwamba askofu mwenyewe ni mwalimu wa shule ambaye halipwi hata senti moja kwa uaskofu wake. Hayo ni kweli kwa kanisa lao lote: kata, yaani usharika wao, haina mchungaji wa mshahara, na hotuba za Jumapili hutolewa kwa zamu na waumini wa kawaida, leo fundi wa magari, kesho msichana wa miaka kumi na minne, ambaye huwekwa mbele ya watu wazima akaeleza imani yake huku magoti yakimtetemeka. Shule ya kusema mbele ya watu ya namna hiyo, inayotolewa bure kila wiki kwa watoto wa mafundi na washonaji, si kitu kidogo katika mji ambao kwa muda mrefu wenye kusema walikuwa mameneja.

Kuna jambo moja ambalo huwatenga na wenzao kuliko jingine lolote, nalo ni kinywaji. Neno la Hekima, kanuni ya afya iliyotolewa na mwasisi wa kanisa hilo, Joseph Smith, huko Kirtland, Ohio, mwezi Februari 1833, inawazuia pombe, tumbaku, chai na kahawa. Na mtu asiyeijua Kolwezi atadhani kwamba hayo ni mazoea ya mdomo tu. Anayeijua anafahamu kwamba siku ya mshahara bia ya Simba ndiyo salamu, ndiyo upatanisho, ndiyo mahali ambapo habari za kazi mpya husikika kwanza. Mume wa nyumba hii alinieleza jinsi alivyokaa miezi kadhaa akiitwa mbahili na wenzake wa zamu, mpaka mmoja, mkubwa kwake kwa umri, alipomwambia, "Mdogo wangu, kunywa sukre yako, lakini kaa nasi." Tangu hapo hukaa nao kwa saa moja akinywa soda, kisha hurudi nyumbani akiwa na mshahara wake mzima mfukoni. Mkewe alisema kwamba kama dini hii isingempa kingine chochote, hilo lingemtosha. Nami, niliyewaona wanawake wengi wa mji huu wakisimama nje ya baa siku ya mshahara wakiwasubiri waume zao, niliona kwamba kauli yake ina uzito kuliko vitabu vingi vya maadili.

Lazima sasa tuseme jambo gumu, kwa sababu msomaji wa Kiafrika atauliza, na ana haki ya kuuliza. Kanisa hili lilianzishwa New York tarehe 6 Aprili 1830, na tangu 1852, kwa tangazo la Brigham Young, aliyekuwa rais wake, liliwanyima watu wenye asili ya Kiafrika ukuhani ambao kwa wengine hupewa kila mwanamume na kijana mwenye mwenendo mwema, pamoja na ibada kuu za hekaluni. Katazo hilo lilidumu mpaka tarehe 8 Juni 1978. Tazama bahati ya tarehe: mwezi wa Mei mwaka huo huo waasi wa FNLC waliiteka Kolwezi, askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakashuka kwa miavuli tarehe 19, na mamia ya watu, Wakongo na Wazungu, wakauawa, na siku ishirini baadaye, huku mji ukiwa bado unazika maiti zake, katika mji mwingine wa mbali ambao hapana mtu wa Manika aliyeufikiria, mlango ulifunguliwa ambao wajukuu wa waliozikwa wangekuja kuupita. Kanisa lilipata idhini ya serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, tarehe 12 Februari 1986, na mwezi huo R. Bay Hutchings na mkewe walifika Kinshasa kuongoza kazi ya umisionari. Leo Wakongo wenyewe wamo katika uongozi mkuu: Thierry Mutombo aliitwa mwaka 2020, na Alfred Kyungu mwaka uliofuata, baada ya Joseph Sitati wa Kenya kuwatangulia wote mwaka 2009.

Nilimwuliza mume anachukuliaje historia hiyo. Hakukasirika, wala hakuiremba. Alisema kwamba aliisikia kwa mara ya kwanza akiwa mmisionari, kutoka kwa mtu aliyetaka kumwaibisha barabarani, akalala usiku huo bila usingizi. Mwaka 2013 kanisa lake lilichapisha maelezo yanayozikana nadharia zilizotumiwa zamani kulitetea katazo, naye ameyasoma. Lakini alilonijibu halikutoka humo. "Wazee wetu walikatazwa kupita kwenye mitaa ya Wazungu hapa hapa Kolwezi," alisema, "nasi leo tunakaa humo. Hatukuikataa nyumba kwa sababu ya aliyeijenga." Jibu hilo halitamridhisha kila mtu, na mimi naona kwamba kanisa linalofundisha toba linadaiwa kauli ya toba iliyo wazi zaidi, hata hivyo jibu ni lake, amelipata kwa kukesha, na nalistahi.

Aidha, Kolwezi si ngeni kwa dini ya nyumbani. Ni hapa hapa, katika kambi za wachimbaji, mwaka 1953, padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilikuwa kimekwisha kumletea sifa na ghadhabu, alipoanza kukutana na waume na wake wa wafanyakazi, akiwafundisha na kufundishwa nao, mpaka ikatokea Jamaa, harakati ya Wakatoliki iliyoyafanya mapenzi ya mke na mume kuwa kiini cha imani na iliyotumia Kiswahili cha Katanga kuyaeleza mafumbo yake. Waliokuwa vijana katika Jamaa sasa ni wazee au wamefariki. Sisemi kwamba Wamormoni wa leo wametokana nao, maana hawakutokana nao. Nasema kwamba haja iliyowakusanya wale ndiyo inayowakusanya hawa: kutaka ndoa iwe na maana kuliko nambari ya nyumba ya kampuni.

Na ndoa yenyewe iliwagharimu. Sheria ya Familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa 15 Julai 2016, inataka mahari yatolewe, japo kwa sehemu, ndipo ndoa ifungwe, ingawa inakubali yawe ya ishara tu. Na viongozi wa kanisa, mathalani Dallin H. Oaks katika hotuba iliyochapishwa 2012, wamewanasihi waumini wa Afrika waachane na mahari makubwa yanayowachelewesha vijana waliorudi kutoka umisionari. Kati ya sheria na nasaha wamesimama wajomba. Kijana wetu alikuwa amehudumu miaka miwili mbali na kwao bila ujira, akarudi na suti mbili na masanduku ya vitabu, akakabidhiwa orodha: mbuzi, vitenge vya mama mkwe, suti ya baba mkwe, na dola ambazo hakupata kuziona pamoja maishani mwake. Baba mkwe, Mkatoliki na mfanyakazi wa zamani wa Gécamines aliyekuwa miongoni mwa walioagwa 2003, alipunguza orodha kwa nusu baada ya binti yake kumwambia mbele ya wajomba kwamba yeye si gari la kuuzwa. Nusu hiyo ililipwa kwa awamu, ndoa ikafungwa mbele ya ofisa wa komuni ya Manika, na kanisani pakafanywa karamu ya wali na kuku bila tone la bia, jambo ambalo wajomba walilikumbusha kwa miaka miwili. Mimi siyachukii mahari. Yana heshima yake ya kuunganisha koo mbili. Lakini orodha inayomfanya kijana mwaminifu aishi na mchumba bila ndoa kwa kukosa mbuzi inaiharibu heshima ile ile inayodai kuilinda.

Baada ya ndoa ya mahari na ile ya komuni, ikabaki ndoa ya tatu, ile ya hekaluni, ambayo kwao ndiyo kilele, kwa kuwa wanaamini kwamba mume na mke waliounganishwa humo, pamoja na watoto wao, hawatenganishwi na mauti. Walipooana, hekalu lililokuwa karibu lilikuwa lile la Johannesburg, lililowekwa wakfu mwaka 1985, safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kupitia mpaka wa Kasumbalesa na nchi nzima ya Zambia. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu tarehe 14 Aprili 2019, nalo limo ndani ya nchi yao. Lakini mtu wa Kolwezi anajua kwamba Kinshasa haifikiki kwa barabara ila kwa mashaka ya siku nyingi, na nauli ya ndege ya watu watano huushinda mkono wa mshonaji. Tarehe 5 Aprili 2020, siku ambazo makanisa ya dunia nzima yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, na baba wa nyumba hii alikuwa akibariki mkate na maji ya sakramenti juu ya meza ile ile ya cherehani, Russell M. Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa hilo, alitangaza hekalu la Lubumbashi, na Agosti 2022 ardhi ikaanza kuchimbwa. Lubumbashi iko yapata kilomita 300 kutoka Kolwezi. Tangu tangazo hilo, daftari la buluu lina mstari mpya wa akiba, wenye neno moja tu: Lubumbashi.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitazamia katika dini iliyozaliwa Marekani. Hekaluni waumini hubatizwa kwa niaba ya jamaa zao waliokufa, na ili afanyiwe hivyo marehemu lazima ajulikane kwa jina. Kwa hiyo mke, ambaye ni Mluba wa upande wa Kamina, amekuwa akiwaendea wazee wa ukoo wake, akiandika nasaba. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti uliopambwa shanga na makombe, ambao wataalamu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole wakisimulia wafalme na koo. Lukasa zilizo nyingi leo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mshonaji huyu hana lukasa. Ana daftari la pili, na amefika kizazi cha tano upande wa baba. Shirika la nasaba la kanisa lake, FamilySearch, hutuma wakusanyaji kwa wazee katika nchi kadhaa za Afrika, lakini yeye hakumngoja mtu. Alinionyesha ukurasa uliokuwa na alama ya kuuliza mahali pa jina: bibi ya bibi yake, aliyeolewa mbali, ambaye wajukuu wanalijua pigo la ngoma lililochezwa harusini mwake na hawalijui jina lake. Mzee aliyelijua alikataa kulitaja, akidhani kwamba Wamormoni wanataka kumfanyia marehemu uchawi, akafariki nalo.

Basi wewe mzee wa Manika, wa Sandoa au wa Kamina, akija mjukuu na daftari akauliza ni nani aliyemzaa nani, usimwulize kwanza anasali wapi. Kama hutaki ndugu zako wafanyiwe ibada ya kanisa lake, mwambie hivyo waziwazi, naye akuheshimu. Lakini majina mpe, yaandikwe. Na ukimaliza kumtajia wanaume, mtajie na wanawake, maana hao ndio wanaosahauliwa mapema.